Kuomba Nimesimama

Sekenke, Iramba
Jumatano, mchana

Kwa Dada Mele, Itigi.

Dada, shikamoo. Mbukwa, kwa Kigogo chetu. Naanza na shikamoo kwa sababu Ijumaa kwenye simu sikukuamkia, niliingia na maneno tu kama mtu anayegombea ndoo bombani, na nadhani hapo ndipo tulipoharibu. Habari za Itigi? Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Mizinga imepata asali mwaka huu au nyuki wamehama na ukame? Mguu wa Mama Mdogo umepona? Na Nyemo wangu hajambo? Mimi mwili ni mzima. Moyo usiniulize.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu imetushinda. Wewe ukipandisha sauti nami napandisha, halafu mmoja anakata, na Ijumaa aliyekata ni wewe. Barua huwezi kuikatia hewani. Isome mpaka mwisho, halafu ukitaka washia moto. Nampa dereva wa fuso anayekwenda Manyoni, atampa mwenzake wa basi la Itigi, nao watakuachia pale kwa wauza asali.

Ulisema, "Mwache mtoto, ameshazoea." Dada, neno hilo sijalimeza mpaka leo. Nataka ujue nimehangaika vipi kupata ruhusa ya Nyemo kuja kukaa na mimi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Usije ukadhani niliamka tu asubuhi nikakumbuka kwamba nina mtoto.

Kazi yangu unaijua. Napikia Wachina wanaosaga mawe ya dhahabu hapa chini ya mlima, wao na mafundi wao, watu kumi na wanne. Nyuma ya stoo kuna chumba kitupu chenye dirisha zuri, kilikuwa cha mlinzi. Shule ya msingi iko ng'ambo ya barabara, kengele ikigongwa naisikia nikiwa jikoni. Kila ikigongwa namwona Nyemo na sare yake. Lakini kulaza mtu kambini lazima bosi akubali mwenyewe, Bwana Lin, na Bwana Lin Kiswahili chake ni "mambo" na "hakuna shida", hata kama shida imemjaa mpaka kwenye nyusi.

Mkalimani tunaye. Ni kijana wa Dodoma anaitwa Erasto, alisoma hukohuko kwa Wachina miaka minne. Nilimfuata nikamwomba anisemee. Akasema mambo ya watoto siyo ya kazi, yeye hayapeleki. Nikamwambia basi nifundishe niseme mwenyewe. Akacheka, akaniambia, "Mama Nyemo, wewe ukijua kuomba kwa Kichina, mimi nitaitwa kufanya nini?" Na sahani ya wali aliyokuwa ameshika nilikuwa nimempakulia mimi, nyama ya juu. Nilimwangalia nikarudi kwenye sufuria, maana ningefungua mdomo ningetoa ya kutoa.

Nikaamua kujifunza kwa masikio. Sasa sikiliza mkosi wangu. Mchina anayeongea sana hapa ni msimamizi wa mitambo, tumembatiza Kwaikwai, kwa sababu "kwai" kwao ni haraka na yeye hamalizi sentensi bila kuiweka mara mbili. Anaingia jikoni, anasimamia kazi, anafoka. "Lai", njoo. "Na", shika. "Shi", osha. "Deng", subiri. "He", kunywa. "Zou", toka hapa. Wakati wa chakula anawafokea vibarua, "Chi, chi, kwai kwai", yaani kuleni upesi mrudi kazini. Nilinunua daftari la kurasa arobaini nikawa naandika nikishamaliza kuosha sufuria. Vitenzi, kama alivyokuwa akiviita mwalimu wetu wa darasa la tano. Baada ya miezi mitatu nilikuwa navyo zaidi ya hamsini, na nilijiona msomi. Wale Wanyiramba wa kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, wakaanza kunitania, eti Mgogo ameacha kuombaomba sasa anatoa amri kwa Kichina. Nikawaambia wao hata kwa Kiswahili bado wanatafuta maneno.

Mwezi wa nane akaja mama yake Bwana Lin. Bibi mdogo wa mwili, nywele nyeupe kabisa, amekuja kumtembelea mwanae. Nilifurahi, nikasema hapa ndipo Mungu amefungua mlango. Mtu ukitaka kitu kwa mwanaume mkubwa unapitia kwa mama yake, sisi si ndivyo tunavyofanya? Nikaomba siku ile ya kwanza nimpelekee chakula mimi mwenyewe. Nikavaa kitenge kile ulichonipa, nikajifunga kilemba. Nikaingia na sinia, nikapiga goti chini kabisa kama alivyotufundisha bibi yetu, macho chini, mikono miwili. Kisha nikasema kile nilichokijua. Nikasema, "Chi! He! Kwai kwai!"

Na nilikisema kwa nguvu, Dada. Maneno yale sikuwahi kuyasikia yakisemwa taratibu hata siku moja. Nilidhani ile sauti ni sehemu ya neno.

Yule bibi aliruka kwenye kiti. Chai ikamwagika mezani mpaka chini. Akaanza kuita mwanae, naye akaja mbio, na Kwaikwai nyuma yake, na Erasto nyuma ya Kwaikwai. Mimi bado nipo magotini, maana sijui kama ninyanyuke au niendelee. Wakaongea juu ya kichwa changu muda mrefu. Mwishowe Erasto akaniambia, "Wanauliza umemfanyia nini. Umempigia goti kama anayezikwa, halafu unamfokea ale haraka. Anauliza kama kuna kitu umemtilia."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwambia Erasto, waambie ni heshima, kwetu mkubwa anapigiwa goti. Akasema maneno mawili matatu, sijui kama ndiyo hayo. Bwana Lin akanionyesha kwa mkono nisimame, na tangu siku hiyo nikaondolewa kwenye meza, nikapelekwa nyuma kusugua masufuria na kuchambua mboga. Kupika anapika Mwanaidi, mwenzangu wa jikoni, mimi sionekani. Watu wanasema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi niliinama mpaka magoti yakachubuka kwenye sakafu ya saruji, na cha uvunguni sikukiona.

Nililia, sikufichi. Siyo kwa ajili ya masufuria. Nililia kwa sababu miezi mitatu nilikuwa nimejifunza namna ya kufukuza mbwa, halafu nikamkaribishia mama wa watu chakula kwa lugha hiyohiyo. Na waliokuwa wanaijua lugha ya kistaarabu walikuwepo, wakanitazama nikiandika kwenye daftari, wakanyamaza. Hilo Erasto nimemwambia usoni, na nitamwambia tena.

Aliyenitoa hapo ni yuleyule bibi. Hawezi kukaa bure. Ilipofika wiki ya pili akaja na kigoda chake huku nyuma, akakaa karibu na mimi akaanza kumenya vitunguu saumu. Siku ya pili akaja tena. Nikataka kumwambia akae kivulini, nikasema kile nilichonacho, "Lai", taratibu safari hii. Akatikisa kichwa. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Ching." Akanionyesha kiti, akasema, "Ching zwo." Yaani, tafadhali ukae. Nikarudia. Akatikisa kichwa tena, akarudia, mpaka nikaipata.

Basi tukaanza upya, mboga kwa mboga. Kila kitenzi nilichokipata kwa Kwaikwai alikichukua, akakiosha, akanirudishia. Akanifundisha kwamba mkubwa haitwi "wewe" ya kila siku, ana ya kwake, wanasema "nin". Kwamba mtu akianza kula humharakishi, unamwambia "manman chi", ale polepole. Kwamba ukitaka kumwuliza mtu jambo unatanguliza "mafan nin", yaani nakusumbua, samahani. Nikawa nashukuru kila neno, asante, asante, mpaka siku moja akanichapa kidogo mkononi na kitunguu, amekasirika kweli. Nikamwita Mwanaidi, Mwanaidi akamwita Erasto. Erasto akasema, "Anasema asante nyingi hivyo wanapewa wageni. Anauliza yeye kwako ni mgeni?" Kumbe adabu nayo ikizidi inakuwa ukuta.

Ijumaa ya juma lililopita nikaona niko tayari. Sentensi yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi siku kumi na mbili, mpaka Mwanaidi akawa anaijua na yeye. Nikamngoja Bwana Lin amalize kula mchana, nikamfuata ofisini. Na hapa Dada nataka unielewe. Bibi alikuwa amenikataza katakata kupiga goti. Kwao anayeomba anasimama wima, anamtazama mtu machoni. Wewe umenilea, unajua. Mimi kumwangalia mwanaume mkubwa machoni halafu nimwombe kitu? Magoti yalikuwa yanataka kwenda chini yenyewe. Nilijiona kama nimekwenda kugombana. Nikashika meza.

Nikasema yote. Nakusumbua, Bwana. Nina mtoto, ana miaka sita, yuko mbali. Tafadhali ruhusu aje akae na mimi kwenye chumba cha nyuma ya stoo, asome shule ile. Hata "nin" nilizitia zote mahali pake.

Alitabasamu. Akasifu, akasema naongea vizuri kuliko Erasto. Akanikaribisha kiti. Akanimiminia maji kwa mkono wake. Halafu akanikatalia. Akasema taratibu, kwa maneno mepesi ili niyashike, kwamba kambi ina mitambo, siyo mahali pa mtoto. Akasema yeye mwenyewe alimwacha mwanae kwao akiwa na miaka miwili, amelelewa na bibi yake huyuhuyu, sasa ana kumi na tatu, na hana tatizo lolote. Akasema, ameshazoea. Alilisema kwa kujisifu, kama anayenipa dawa. Neno hilo nilikuwa nalijua, na siku hiyo nilitamani nisingekuwa nalijua.

Ndiyo nikatoka pale nikakupigia wewe. Sikupiga kudai mtoto. Nilipiga kulia. Na wewe kabla sijafika popote ukaniambia mwache, ameshazoea. Neno lilelile, Dada, ndani ya saa moja, kwa lugha mbili. Ndiyo sababu nikakutukana. Nisamehe kwa kukutukana. Kwa kukasirika siombi msamaha, maana bado nimekasirika.

Sasa Jumapili. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana bibi anampigia mjukuu wake simu ya picha, na safari hii alikuwa ameketi hapahapa jikoni na mimi. Kijana akatokea, na mdomo umejaa chakula. Bibi akamwambia tafuna, meza, fungua dirisha, vaa sweta, umenyoa vibaya. Amri tupu, hakuna "ching" hata moja. Na yule kijana anacheka, anabisha, anamwonyesha bakuli, anamwambia bibi rudi. Nilikuwa nashika karibu yote, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kujua Kichina. Halafu Bwana Lin akaingia kuchukua maji, bibi akampa simu.

Yule kijana akakaa wima. Akafuta mdomo. Akasema, baba, nin hujambo. Baba akasema hajambo, na masomo vipi. Vizuri, asante. Nin usichoke na kazi. Asante, nawe usome. Asante. Kila mmoja akamshukuru mwenzake mara mbili, tatu, kama watu wawili wanaopishana mlangoni mwa benki, kisha wakaagana. Bwana Lin akabaki ameshika simu imeshazima. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Akanitazama, na alijua kwamba nimeelewa.

Mama yake akamwambia, "Zwo." Kaa. Akakaa, bosi mzima, kwenye gunia la mchele. Mama akaongea naye kwa kilugha cha kijijini kwao, humo sikuambulia kitu, na sikutaka. Nikatoka nje nikaenda kumwaga maji ambayo hayakuwa na haja ya kumwagwa.

Jumatatu asubuhi akamtuma Erasto. Chumba nipewe. Mtoto asivuke uzio wa mitambo, na mimi nirudi kwenye meza. Erasto aliposema hivyo nilikaa chini palepale. Unaona sasa, nilichotafuta tangu mwezi wa nne nimekipata. Leo asubuhi nimepiga chumba chokaa. Nimeazima kitanda. Halafu nikakaa kwenye hicho kitanda, furaha ikanikwepa, kwa sababu nikakumbuka kwamba niliyemwomba ruhusa ni Bwana Lin, na Nyemo haishi kwa Bwana Lin.

Dada, wewe sikuwahi kukuomba. Siku ile naondoka, mwaka jana baada ya mavuno, basi lilikuwa linapiga honi, nikakusukumia mtoto pale stendi nikasema, "Kaa naye, nitakuja." Sikukuuliza kama unaweza. Sikumwuliza shemeji. Nilikutupia kitenzi kimoja, nikapanda basi. Wewe ukakaa naye. Ukamwuguza surua. Ukamfundisha kusoma jina lake. Najua nyumba yenu ilivyokuwa kimya miaka yote kabla hajaja, na najua ni nini kinachosema "ameshazoea" ndani yako. Siyo Nyemo peke yake aliyezoea. Hilo nimelijua hapa, nikiwa na hasira zangu, na halijaziondoa.

Kwa hiyo nakuomba. Kwa lugha yetu ambayo nilidhani naijua. Dada Mele, nakusumbua, samahani. Nakuomba mtoto. Mwisho wa mwezi nitapata ruhusa ya siku tano, nitakuja, nitalala kwenu, nitateka maji na kupika na kukaa, mpaka Nyemo aone tunavyoongea mimi na wewe bila kugombana. Ukisema bado, tutazungumza, na nitalia, lakini simu haitakatwa. Likizo zote atakuwa kwenu, na hilo hata bila wewe kuuliza. Nikifika mlangoni nitapiga hodi, nitasimama nje, na nitasubiri mpaka uniambie karibu.

Nisalimie shemeji, mwambie chupa ya asali aliyonipa, bibi wa Kichina ameimaliza kwa kijiko na sasa ananidai nyingine. Msalimie Mama Mdogo na mguu wake, asiufunge na kamba aende zahanati. Msalimie Baba Mkubwa Yeremia wa relini, na Mzee wetu wa kanisa, mwambie naomba anikumbuke kwenye sala za Jumatano. Jirani Mama Sofi naye, hata kama ndiye aliyekwambia nimebadilika.

Nyemo usimpe salamu zangu. Salamu wanapelekewa watu wa mbali. Mwambie mama yako amesema vaa viatu, kula umalize, na meno upige mswaki.

Mdogo wako,
Yunisi